Namba Kumi na Tatu

Kazi yangu ni neno moja: Usiguse.
Nalisema toka saa tatu hadi saa kumi,
kwa wanafunzi wa Chikongola, kwa mabwana wa gesi,
kwa mgeni aliyeingia kuulizia choo.
Nikibaki peke yangu nawaambia inzi.

Mwezi huu ukumbi wa chini umejaa magunia.
Si ghala, sijakosea mlango:
ni maonesho, sanaa ya kisasa, ndivyo linavyosema bango.
Magunia arobaini yananing'inia darini,
yamepasuliwa, yakaungwa, yakawekewa taa kwa nyuma;
ukisimama katikati, nuru inakuchoma vitobo vitobo
kama ndani ya nyumba yenye makuti yaliyochoka.

Bwana Nandonde, mwenye kazi, amesomea mbali.
Siku ya ufunguzi alizungumza nusu saa.
Nilishika maneno mawili: "kumbukumbu" na "mwili".
Mkurugenzi alipiga makofi kabla hayajaisha.

Jumanne akaja mama mmoja kutoka Nanyamba.
Alifuata benki hela za mnada wa pili,
akaambiwa mtandao hakuna, rudi alasiri.
Kwetu kuna kivuli, na kiingilio ni bure.

Akapita la kwanza. La pili. La nane.
La kumi na tatu likamsimamisha.
Akasogeza pua. "Salfa," akasema.
Kisha: "Hili langu."
Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema mvua hiyo.

Akaweka kidole
(neno langu likanikwama kooni)
pale pembeni, uzi wa buluu unapokwenda upogo.
"Panya alitoboa. Uzi wa katani sikuwa nao.
Nikafumua sketi ya shule ya Mwanaidi,
alikuwa keshamaliza la saba."

Akaniomba nimsomee kadi, miwani kaiacha nyumbani.
Nikasoma: *Bila Jina, Namba Kumi na Tatu.
Gunia, uzi, vumbi, nuru.*

"Jina linalo. Niliandika kwa mkaa: Somoe Chinduli.
Mmelifua?"

Nikanyamaza.

"Kilo themanini zilitoka humu kwa kangomba,
mwaka mume wangu amelazwa Ligula.
Korosho hazijaanguka, mnunuzi keshafika na kibaba chake,
kibaba kwa kibaba, bei ya maji,
na maji kwetu bei yake ni afadhali.
Gunia nilimwongezea."

Mimi sikusomea haya. Nilitaka kumwambia pole,
nikaona pole yenyewe imechelewa miaka sita.

Yeye alikuwa keshasogea upande wa pili,
anavuta kidogo, kama anayepima titi la mbuzi.
"Na mshono huu wa nani?"
Wa Bwana Nandonde, nikasema.
"Hajui kufunga fundo. Litamwangukia mtu."

Akafungua pindo la kanga:
nauli, vidonge viwili, sindano.
Uzi akauchomoa kwenye kanga yenyewe, mwekundu, mrefu.

Nikaenda kusimama mlangoni.
Vijana wawili walikuja kupiga picha;
nikawaambia matengenezo, rudini baadaye.
Nyuma yangu nilisikia sindano ikipenya katani,
kitu kikavu, kidogo, kinachojua kinakokwenda.
Kisha meno yakikata uzi.

Kitabu cha wageni hakusaini.
"Mtandao utakuwa umerudi," akasema, akaenda zake Uhindini
na kikapu kitupu.

Ijumaa Bwana Nandonde akapita kukagua.
Mbele ya kumi na tatu akasita, akainamisha kichwa,
akarudi hatua mbili, akaja tena.
"Huu mwekundu," akauliza, "ulikuwepo?"
Mkono wake ulikuwa tayari njiani.

Nikamwambia kazi yangu:
Usiguse.